Safari ya Bariadi: Kilo Mbili Zimekwenda Wapi?

Mpenzi msomaji, mwaka jana mwezi wa saba nilipewa ruhusa ya siku nne. Nikafunga daftari zangu za ofisi, nikapanda basi alfajiri pale Shinyanga, nikaenda Bariadi kumjulia hali dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na tangu alipoolewa huko nimemtembelea mara chache kuliko inavyompasa ndugu kufanya. Nilidhani nakwenda kula michembe kwa karanga na kurudi. Kumbe nilikuwa nakwenda shule.

Kwa wale wasioijua njia hiyo, basi linatoka Shinyanga kwa barabara kuu ya Mwanza mpaka Mwigumbi, na hapo linashika mkono wa kulia. Toka Mwigumbi mpaka Maswa ni kilometa 50.3, na toka Maswa mpaka Bariadi ni kilometa 49.7, kwa hesabu ya wajenzi wa barabara. Ukijumlisha utapata kilometa 100 kamili, jambo lililonifurahisha bure. Zamani njia hii ilikuwa vumbi tupu, na msafiri alishuka akiwa na rangi ya tofali. Siku hizi ni lami.

Nchi yenyewe ni tambarare, lakini hapa na pale majabali makubwa yamesimama shambani kama wageni waliokosa mtu wa kuwakaribisha. Mwezi wa saba pamba imekwisha kuiva. Ng'ombe wawili wawili wanakokota mikokoteni iliyojaa marobota, wanakwenda taratibu kwenye ghala la chama cha msingi, na watoto wamelala juu ya mzigo wakitazama mbingu. Tulipopita Maswa jirani yangu, mzee mmoja mwenye kofia ya pama, akanikumbusha kwamba katika miaka ya 2010 vijana wa pale walianzisha kiwanda cha chaki. Alisema kwa majivuno, kana kwamba chaki zote za Tanzania zilitoka nyumbani kwake.

Mkoa wa Simiyu ni mdogo kwa umri. Ulizaliwa mwaka 2012 ulipokatwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Jina lake ni la mto Simiyu, ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu ulio na madimbwi, na wakati wa masika ni mto wa kuogopwa, unaoshuka kwenda Ziwa Victoria. Wenyeji wa Bariadi ni Wanyantuzu, Wasukuma wa upande ule, watu wa ng'ombe na pamba, wenye sauti kubwa na salamu ndefu. Nilipofika kwa shemeji yangu tulisalimiana mpaka chai ikapoa.

Baada ya chakula cha jioni shemeji akaniambia, "Shemeji, wewe ulisomea ualimu kabla ya kuwa karani. Hebu mtazame mpwa wako huyu. Anataka kuacha Fizikia."

Mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kata, moja ya zile zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004. Akaleta daftari lake la majaribio akiwa ameinamisha kichwa. Alama zilikuwa 14 kwa 100. Karatasi yote ilijaa mishale midogo: mingine inatazama juu, mingine pembeni, na juu ya kila mmoja kalamu nyekundu imepita. Lakini swali la kwanza alikuwa amelipata lote. Liliuliza: vekta ni nini? Naye alikuwa ameandika kwa Kiingereza safi, bila kukosa herufi, kwamba ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo.

Nikamwuliza, "Maana yake nini kwa Kiswahili?"

Akanyamaza.

Nikasema, "Basi niambie kwa Kisukuma."

Akacheka kidogo, akanyamaza tena. Mimi nilikijua kimya kile. Nilikwisha kukisikia zamani, na nitaeleza wapi.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Binti huyu tangu utoto anasema atakuwa muuguzi, na vyuo vya uuguzi na uganga vinamtaka mwombaji awe amefaulu Biolojia na Kemia, na Fizikia nayo inatazamwa. Akiacha Fizikia kidato cha tatu, mlango ule unafungwa, naye hana hata miaka kumi na minane. Shemeji alikwisha kuombwa aende shuleni kusema neno lake. Lakini kesho yake ilikuwa zamu yake ya kupeleka pamba, na mtu hawezi kumwacha mwenzake ampimie pamba. Akaniomba niende mimi.

Asubuhi tulitoka na mpwa wangu saa kumi na mbili. Shule iko mbali kidogo, maana njia inazunguka jabali kubwa, halafu inashuka kwenye korongo, halafu inarudi ilikotoka. Binti akaniambia kunguru angefika kwa robo ya muda wetu. Nilimjibu kwamba kunguru hana haja ya Fizikia.

Mwalimu wa Fizikia alikuwa bibi kijana, mwembamba, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Nilipomweleza shida yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, kaa kwanza kipindi kimoja, ndipo tuzungumze." Nikatafuta kiti darasani. Akasema, "Si humo. Leo tuko nje."

Wanafunzi sabini na zaidi walikuwa wamesimama chini ya mwarobaini. Mwalimu hakuwa na kitabu mkononi. Akachagua kumi, akawapanga shinani mwa mti, akasema, "Kila mmoja aende hatua ishirini." Wakaangaliana, kisha wakaondoka. Huyu akaelekea chooni, huyu jikoni, huyu akaelekea lango la shule kana kwamba anatoroka. Mwisho walisimama duara kubwa, mti uko katikati.

"Wote mmenitii?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi mbona nilitaka kuwatuma mahali pamoja, nanyi mko mahali kumi?"

Wakacheka. Akawaita warudi, akasema, "Sasa nendeni upande wa kaskazini." Mmoja akaenda hatua tatu akasimama, mwingine akaenda mpaka akakaribia ukuta. Akawaita mara ya tatu. "Hatua ishirini, upande wa kaskazini." Safari hii walifika wote kumi mahali pamoja, wakasukumana kwa mabega, wengine hatua zao ndefu, wengine fupi, lakini ungeweza kuwafunika wote kwa turubai moja.

Mpenzi msomaji, mimi nilisoma maana ya vekta mara nyingi chuoni, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikitembea kwa miguu.

Kisha akawauliza walijuaje kaskazini ni wapi. Kijana mmoja wa nyuma akajibu kwa nguvu, "Sukuma!" Darasa zima likaangua kicheko, lakini mwalimu hakucheka. Alisema kijana amejibu sawasawa. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi. Wanyamwezi walipowaita majirani zao Wasukuma walikuwa wakisema tu, wale watu wa kaskazini. Kabila zima limepewa jina la mwelekeo! Nami nimeishi kati yao miaka yote hii, nimeandika jina la kabila hilo mara nyingi kupita kiasi, wala sikupata kulifikiri hata siku moja.

Akaongeza kwamba neno vekta limetoka katika Kilatini, na maana yake ni mchukuzi, mtu anayebeba kitu toka hapa kukipeleka pale. Mwanahesabu William Rowan Hamilton wa Dublin ndiye aliyelitia katika hesabu katika miaka ya 1840. Nikawaza juu ya mababu wa watoto hawa, Wanyamwezi na Wasukuma, waliojulikana katika karne ya 19 kuwa wapagazi hodari wa misafara ya pwani. Mpagazi naye huulizwa maswali mawili tu: mzigo ni mzito kiasi gani, na unakwenda wapi?

Sasa yakaja yale niliyoyatungia kichwa cha habari hii. Mwalimu alitoa mizani tatu za ndoano, zile ndogo wanazotumia wauza samaki. Moja ilikuwa yake, mbili aliziazima sokoni kwa ahadi ya kuzirudisha kabla ya saa nane. Akafunga kamba tatu kwenye pete moja ya chuma, na kila kamba akaifunga kwenye mizani. Wanafunzi watatu wakashika. Kwanza aliwaweka wawili upande mmoja, bega kwa bega, na wa tatu akavuta upande wa pili. Wale wawili wakavuta, mmoja kilo 3, mwingine kilo 4. Wa tatu akasoma mizani yake: kilo 7. Hakuna aliyeshangaa.

Kisha akachora chini pembe mraba kwa kijiti. Akamwambia wa kilo 3 avute kwa mstari huu, na wa kilo 4 avute kwa mstari ule. "Wa tatu awazuie wote wawili pete isiondoke mahali pake. Semeni kwanza, atasoma kilo ngapi?"

"Saba!" walisema wote. Nami moyoni nilisikia jibu jingine, lakini sikuwa na hakika nalo mpaka nilipoona.

Wakavuta. Ilichukua muda, maana pete ilicheza huku na huku, na kijana mmoja aliteleza akaanguka kwa makalio, mizani ikaruka juu. Wakaanza upya. Pete ilipotulia, msichana aliyeshika mizani ya tatu akasoma. Akasoma tena. Akamwita mwenzake asome.

"Tano, Mwalimu."

Kukawa kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma, "Mizani imechezewa!"

Ndugu msomaji, kama hukulima pamba hutajua uzito wa neno lile. Katika nchi ya pamba kila mtoto amemsikia baba yake akirudi kutoka ghalani akinung'unika kwamba mzigo ulikuwa mzito nyumbani na mwepesi mizanini. Wale watoto hawakuwa wakicheza. Walimzunguka mwalimu, wakadai mizani zibadilishane mikono. Zikabadilishwa. Ikasoma tano. Wakadai wavutaji wabadilishwe. Ikasoma tano na kidogo, kwa sababu pembe ilikuwa imefinywa. Mpwa wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa amejificha nyuma ya wenzake, akajipenyeza mbele akauliza, "Sasa kilo mbili zimekwenda wapi?"

Mwalimu hakumjibu. Alimpa mizani ya kilo 4 ashike yeye, akamwambia asogee polepole kumkaribia yule wa kilo 3, huku kila mmoja akivuta vile vile bila kupunguza. Kila alipokaribia, mizani ya tatu ilipanda: tano, tano na nusu, sita, mpaka wakawa bega kwa bega, saba. Kisha akamwambia arudi na kupita pale alipoanza, akimwacha mwenzake, mpaka wawe wanavutana uso kwa uso. Mizani ikashuka mpaka moja.

"Zimekwenda wapi?" mwalimu akamwuliza yeye.

Binti akafikiri. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Hazikupotea. Mimi navuta huku, naye anavuta kule. Sehemu ya nguvu yangu hatuisaidii safari."

Lugha ile haikuwa ya kitabu. Lakini nilitamani aliyekuwa mwalimu wangu angalikuwapo aisikie.

Hapo ndipo nilipokumbuka kosa langu, nami naliandika hapa kwa sababu halijanitoka. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule nisiyoitaja, nilichora ubaoni pembe tatu yenye pande 3, 4 na 5, nikawaambia wanafunzi kwamba nguvu ya 3 na nguvu ya 4 huzaa nguvu ya 5. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, tatu na nne zinakuwaje tano?" Sikujua kumjibu. Nikaona aibu, na aibu ya mwalimu kijana hugeuka upesi kuwa ukali. Nikamwambia, "Ndivyo kitabu kinavyosema. Kaa chini." Akakaa. Hakunyosha mkono tena mpaka nilipoondoka. Wengine wote walikariri, nikawapa alama nzuri, na mkaguzi akaniandikia sifa. Swali la kijana yule lilikuwa swali la pekee la maana lililoulizwa darasani mwangu kwa majuma manane, nami nililifukuza. Mizani tatu na pete moja zingelitosha kumjibu.

Wala si jambo jipya. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichapa mwaka 1586 kitabu juu ya ufundi wa kupima uzito, na humo akaonyesha jinsi nguvu tatu zinavyosawazishana kwa pembe tatu. Ni zaidi ya miaka 400 sasa. Kitabu kilikuwa cha mizani, nasi tumekifanya kuwa cha kukariri.

Baada ya zile kamba waliingia darasani. Kila mmoja akachora kwa rula, sentimeta moja kwa kila kilo: mshale wa sentimeta 3, mshale wa sentimeta 4 kutoka mahali pamoja, wakakamilisha msambamba, wakapima mstari wa toka kona ya mwanzo hadi kona ya pili. Sentimeta 5. Ndipo mwalimu akaandika maneno ya Kiingereza ubaoni, yale yale aliyoyakariri mpwa wangu. Mitihani ya sekondari ni ya Kiingereza, na hilo halikwepeki. Lakini sasa kila neno lilikuwa na mtu wa kumwegemea, kama mgonjwa aliyepata fimbo. Akawaonya pia kwamba Fizikia hupima nguvu kwa nyutoni, si kwa kilo, na kwamba mvuto wa kilo moja ni kama nyutoni 9.8. Wasije wakaandika kilo katika mtihani.

Nisimsifu mwalimu huyu kupita kiasi, maana mwenyewe hakutaka. Tulipokaa ofisini aliniambia wazi: somo lile limekula vipindi viwili kwa jambo ambalo kitabu hulimaliza kwa nusu ukurasa. Kati ya wanafunzi sabini, hawakufika ishirini walioshika kamba, na wengine walikuwa wakitazama migongo ya wenzao. Muhtasari ni mrefu, mwaka ni mfupi. Hawezi kufanya hivyo kila juma. "Lakini," akasema, "wasipovuta kamba mara moja, nitawafundisha mishale hii hadi kidato cha nne na hawatakuwa nayo."

Nikamwuliza habari za kambi za kitaaluma. Wasomaji watakumbuka kwamba wakati Bwana Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa, Simiyu ilijulikana nchini kwa kambi hizo. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa pamoja, wakafundishwa na walimu walioteuliwa katika mkoa mzima, na Simiyu ikapanda katika matokeo. Akasema kambi ni jambo jema, ila kambi ni ya watu wa mtihani. Mtoto aliyekwisha kuliacha somo kidato cha tatu hafiki kambini. Nami nikaongeza kwamba Hesabu nazo zinatutoa jasho taifa zima: kati ya mwaka 2019 na 2024 hakuna mwaka ambao theluthi moja ya watahiniwa wa kidato cha nne walifaulu Hesabu. Tukakaa kimya kidogo, kama watu waliotaja msiba.

Juu ya mpwa wangu alisema neno moja tu. "Asiache mwezi huu. Mwezi wa tisa nitatoa jaribio jingine. Akitaka kuacha baada ya hapo, nitamtilia sahihi mwenyewe."

Jioni shemeji alirudi na mkokoteni mtupu na uso wa mtu aliyepimiwa vizuri. Nikamweleza habari. Aliposikia kwamba nusu ya asubuhi watoto walivutana kamba, akakunja uso. "Nimempeleka shule akacheze kamba? Serikali imeondoa ada tangu mwaka 2016, lakini sare nanunua mimi, na daftari nanunua mimi."

Binti hakujibu. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi akiburuta plau na mnyororo wake, akaulaza uani. Akamwuliza baba yake, "Baba, mwaka jana plau lilikuwa linafanya nini?"

"Lilikuwa linaelea. Mnyororo ulikatika, nikaufunga ukawa mfupi. Mnyororo mfupi plau linaelea, haliingii ardhini. Hata babu yako alijua."

"Kwa nini linaelea?"

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. "Ndivyo lilivyo," akasema. Nikaangalia pembeni, maana jibu lile nalijua.

Binti akachukua kijiti. Alipima urefu toka mahali nira inapokaa shingoni mwa ng'ombe mpaka usawa wa ndoano ya plau, akasema tuseme ni meta 1. Akapima mnyororo uliofupishwa, tuseme meta 2. Akachora mshale mchangani unaopanda toka kwenye plau kwenda kwa ng'ombe, halafu akaugawa: mshale mmoja unakwenda mbele, mwingine unakwenda juu. Mnyororo wa meta 2 unapanda meta 1. Basi katika kila kilo 2 wanazovuta ng'ombe, kilo 1 inainua plau kutoka ardhini. Mnyororo ukiwa wa meta 4, unapanda meta ile ile 1. Basi katika kila kilo 4, inayoinua ni moja tu.

"Ng'ombe wako wakivuta kwa kilo 100, Baba, mnyororo mfupi unainua plau kwa kilo 50. Mrefu unainua kwa 25."

"Na mbele?"

Hapo alichora kwa vipimo, akahesabu kwa muda, nami nikamsaidia kidogo. Mfupi unavuta mbele kwa kilo 87 hivi, mrefu kwa kilo 97 hivi.

Shemeji si mtu wa kupunjwa hesabu. Akasema papo hapo, "Hamsini na themanini na saba ni mia moja na thelathini na saba. Asubuhi mlikuwa mnapoteza kilo, sasa mmezidisha!"

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo, Baba. Ni kule kule zilikokwenda zile mbili."

Shemeji alizunguka plau mara mbili. Kisha akamtega: "Basi nikinunua mnyororo wa kutoka hapa mpaka Dutwa plau litalima lenyewe?" Binti akakwama. Hakuwa na jibu, na kitabu chake hakikuwa na jibu. Baba yake ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya taratibu ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia: mnyororo mrefu ni mzito, na mwisho wa shamba ng'ombe watageukia wapi? Mkulima huchagua urefu wa kutosha. Binti akaenda kuleta daftari, akaandika maneno ya baba yake. Nilimwona shemeji akitazama kalamu ile ikiandika. Dada alituita mara tatu tukale.

Niliondoka Bariadi siku ya nne. Safari hii nilipitia Lamadi, maana nilikuwa na shughuli Mwanza. Ni kilometa 71.8 za lami, unapita uwanja wa Nanenane wa Nyakabindi, na mwishowe unaona kwa mbali maji ya Ziwa yakimeta. Njia nzima nilikuwa nakadiria dirishani: sasa tunakwenda sukuma, sasa tunapinda kidogo ng'weli. Jirani yangu alidhani nasali.

Mwezi wa kumi na mbili nilipata barua ya mpwa wangu. Nainukuu kwa ruhusa yake. Jaribio la mwezi wa tisa alipata 47. Si alama ya kupigiwa vigelegele, lakini jina lake limebaki katika orodha ya Fizikia. Baba yake ameongeza pingili za mnyororo, na mvua za kwanza zilipokuja aliita majirani wawili waje waone plau likizama, akawaeleza kwa kijiti mchangani, akakosea mshale mmoja, binti akamsahihisha mbele yao, naye hakukasirika.

Mwisho wa barua ilikuwapo hesabu. "Mjomba, mwalimu ametupa hii, nami nimepata jibu lisilonipendeza, naomba uihakikishe. Mto una upana wa meta 40. Maji yanakwenda meta 2 kwa sekunde. Mtu anaogelea meta 1 kwa sekunde. Je, aelekee wapi ili atue ng'ambo pale pale mbele yake?"

Nilichukua rula na karatasi. Akielekea moja kwa moja ng'ambo, atavuka kwa sekunde 40, na maji yatakuwa yamempeleka chini meta 80. Nikageuza mshale wake uelekee juu kidogo. Nikaugeuza zaidi. Kila nilivyougeuza, mshale wa maji ulikuwa mrefu kuliko wake, na hapakuwa na upande wowote wa kuelekea ambao ungemtua mbele yake. Nikakumbuka lile korongo tulilovuka asubuhi ile kwenda shule, wakati huo likiwa mchanga mkavu, nikatazama tarehe ya barua, nikahesabu siku za mvua.

Nilimjibu siku ile ile, wala sikungoja mtu wa kuipeleka kwa mkono. Nilimwandikia kwamba jibu lake ni sahihi, mtu huyo hawezi, na kwamba korongo likijaa asimame kando na wadogo zake mpaka maji yapungue, hata kama kengele imelia.